DIZELI NI YA TAJIRI, MBONA INALIPWA NA MAKANGA?

Ndugu madereva, ndugu makanga, na ninyi wa skwodi mnaokaa stejini tangu alfajiri mkingoja mwenzenu achoke ili mpate raundi mbili,

Kila tarehe 14 ya mwezi, giza likiingia, watu wa Dandora hutazama simu zao wakingoja bei ya mafuta. Mwenye kutangaza ni EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, iliyowekwa na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ikarithi kazi hiyo kwa tume iliyokuwako kabla yake. Bei za juu kabisa zimekuwa zikipangwa namna hii tangu Desemba 2010. Tangazo likitoka, maneno huanza. Wenye magari husema nauli iongezwe. Abiria husema makanga ni mnyang'anyi. Serikali husema hiyo ni bei ya dunia, haina la kufanya. Wanasiasa walio nje husema Serikali ina la kufanya, mpaka siku watakapoingia wao ndani. Katika kelele zote hizo hatujasikia mtu hata mmoja akiuliza jambo lililo dogo na la wazi: hayo mafuta yanayotiwa katika gari la tajiri, hulipwa na nani?

Sisi tunaofanya kazi hii twajua jibu, lakini tumezoea hata hatulisemi. Hulipwa na dereva na makanga. Gari hutoka saa kumi na moja alfajiri, na pesa za abiria wa kwanza, wale mafundi na wapika chai wanaokwenda Eneo la Viwanda, huishia pampuni. Kisha huja hesabu ya tajiri, ambayo ni kiasi kilichopangwa, haipungui mvua inyeshe au isinyeshe. Kisha ya SACCO. Kisha za stejini, na zile za barabarani ambazo kila mtu anazijua na hakuna mtu anayeziandikia risiti. Kinachobaki usiku huitwa mshahara wetu. Kisipobaki kitu, mmefanya kazi bure siku hiyo, na kesho saa kumi na moja mnatakiwa kazini.

Mtu wa kiwanda akielezwa jambo hili hushangaa. Ni nani amepata kuona mfanyi kazi wa kiwanda cha sabuni akiambiwa anunue mafuta ya mtambo kwa pesa zake, ampelekee tajiri faida yake kamili kila jioni, na senti zikibaki ndizo ujira wake? Watu wangeuzima mtambo siku hiyo hiyo. Lakini katika matatu twalitazama jambo hili kama amri ya Mungu, na tukiona bei imepanda twagombana na mama aliyebeba sukuma wiki kwa sababu ya shilingi kumi.

Kwa hivyo twataka wanachama wafahamu vizuri. Dizeli ikipanda, hiyo si habari ya wenye magari, wala si habari ya abiria peke yao. Ni kukatwa mshahara. Umekatwa na watu ambao hawakukuajiri, wakiwa katika ofisi usizozijua, na hakuna barua uliyoandikiwa.

HESABU YA LITA AROBAINI

Tuchukue gari linalokunywa lita 40 kwa siku. Kuna yanayokunywa zaidi na yanayokunywa pungufu, lakini arobaini ni rahisi kuhesabu.

Tarehe 14 Septemba 2022 dizeli Nairobi ilikuwa Shs. 140/- kwa lita. Kesho yake, siku mbili tu baada ya Rais mpya kuapishwa Kasarani, ikawa Shs. 165/-. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, ilikuwa Shs. 167/28. Ndipo Sheria ya Fedha ya 2023 ikaja kuongeza kodi ya thamani juu ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Jaji wa Mahakama Kuu aliisimamisha sheria hiyo tarehe 30 Juni; hata hivyo tarehe 1 Julai bei mpya ilikuwa pampuni, Shs. 179/67. Amri ya jaji ilikuwa katika magazeti na bei ilikuwa katika tangi. Septemba 2023 ikapanda mara moja kwa Shs. 21/32 ikawa Shs. 200/99, na Oktoba ikafika Shs. 205/47.

Toka 140 hadi 205/47 ni tofauti ya Shs. 65/47. Zidisha kwa lita 40: Shs. 2,618/80 kila siku ya kazi. Hizo ni pesa zilizotoka katika gari moja, kwa siku moja, kabla hatujanunua mkate.

Hatusemi nauli haikupanda. Ilipanda. Lakini nauli ina mpaka wake, na mpaka huo ni miguu ya abiria. Nauli ikipita kiasi fulani, watu wa Dandora hutembea. Unawaona alfajiri wakishuka kwa mistari kupita Kariobangi kuelekea Outer Ring Road, viatu vizuri vimefungwa ndani ya mfuko wa karatasi. Nao wana haki, kwani mshahara wao haukupanda tarehe 15. Gari huenda mjini nusu tupu, nalo hunywa lita zile zile.

Mwezi huo wa Septemba mwanachama mmoja wa tawi letu, dereva wa gari la viti 33, alitoka na makanga wake kabla ya jua kuchomoza. Juja Road ilikuwa imefungana tangu Eastleigh mpaka Pangani, wakapoteza raundi mbili. Kwa mafuta walilipa zaidi ya Shs. 8,000/-. Hesabu walipeleka kamili kwa sababu asiyepeleka kamili hapewi gari. Usiku walibaki na Shs. 400/- za watu wawili baada ya saa kumi na sita. Kisha tajiri akawaita, si kuwapa pole, bali kuwauliza mbona mafuta ya siku hizi yanakwisha upesi, na akasema wazi kwamba anafikiri wanafyonza dizeli na kuiuza. Kesho yake gari likapewa watu wengine. Watu hao wengine nao ni wanachama wetu, na hilo ndilo linalotuuma zaidi, kwani walilipokea bila kuuliza wenzao wameondoka kwa nini.

BEI YA DUNIA NA BEI YA NAIROBI

Tukija kwa Serikali. Ni kweli kwamba mafuta hununuliwa ng'ambo kwa dola, na dola ikipanda shilingi hutangatanga. Hatuwezi kubishana na bahari. Tangu Machi 2023 Serikali iliingia mapatano na makampuni ya Saudi Aramco, ADNOC na ENOC tupewe mafuta kwa mkopo wa siku 180, ikasema jambo hilo litatuliza dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Baadaye shilingi ilipata nguvu, na kila bwana mkubwa akasema ni yeye aliyeitia.

Lakini lita ikishafika Mombasa huvishwa nguo nyingine ambazo hazikutoka katika dunia yo yote ila Nairobi. Chukueni tatu tu. Ushuru wa bidhaa juu ya dizeli ni Shs. 11/37. Ushuru wa kutengeneza barabara ulikuwa Shs. 18/-, na tangu Julai 2024 ukawa Shs. 25/-. Ushuru wa ustawi wa petroli, ambao zamani ulikuwa senti 40, ulirukishwa Julai 2020 ukawa Shs. 5/40. Hizo tatu ni Shs. 41/77 kwa kila lita, na kwa lita zetu arobaini ni Shs. 1,670/80 kwa siku. Hapo hatujaitia kodi ya thamani, wala zile ndogo ndogo za reli na za uagizaji.

Hatukatai kodi. Mtu anayeendesha gari Dandora wakati wa mvua hawezi kusema barabara zisitengenezwe. Lakini tazameni namna hiyo Shs. 7/- ya barabara ilivyoingizwa, kwa maana hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo. Juni 2024 vijana walijaza njia za mji kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapigwa risasi wakafa, na Rais akauondoa mswada tarehe 26. Hazikupita wiki tatu, ushuru wa barabara ukapandishwa kwa njia nyingine. Na bei ya dizeli ya kuanzia tarehe 15 Julai ilipotangazwa haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka kwa Shs. 1/50, ikawa Shs. 171/60. Watu wakashukuru. Huku mafuta yenyewe yalikuwa yameshuka zaidi ya hapo, na Serikali ilikaa katikati ikachukua tofauti kabla haijatufikia. Mtu akikutia mkono mfukoni wakati unapokea chenji, humsikii.

Kisha mwaka 2025 hizo Shs. 7/- zikawekwa rehani. Serikali ilizitoa zitumike kukopa Shs. bilioni 175 ili makandarasi wa barabara waliokuwa wakidai walipwe. Makandarasi wana haki ya kulipwa, kama mtu ye yote aliyefanya kazi. Lakini maana yake kwetu ni kwamba hata bei ya dunia ikianguka kiasi gani, shilingi saba hizo haziwezi kuguswa kwa miaka mingi, kwani zimekwisha kuliwa. Makanga wa Phase 4 analipa deni la lami ambayo pengine hajapata kuikanyaga.

Wako wenzetu wanaosema dawa ni ruzuku, irudishwe kama ilivyokuwa. Twawaomba wafikiri tena. Ile Shs. 5/40 ya ustawi wa petroli ndiyo ilikuwa kisima cha ruzuku. Kwanza ulitozwa wewe pampuni, kisha pesa zako zikaitwa msaada wa Serikali kwako, kisha zikalipwa si kwako bali kwa makampuni ya mafuta ili yasipandishe bei. Na zilipochelewa kulipwa, tuliona yaliyotokea Aprili 2022: vituo vilikauka, makampuni yakilalamika kwamba yanaidai Serikali malipo nayo haiyapi, na magari yakapanga mistari usiku kucha. Nani alilala katika mistari ile? Matajiri walikuwa nyumbani. Walikuwa dereva na makanga, na saa za kupanga mstari hazina abiria, kwa hivyo hazina mshahara. Tena ile Septemba 2022 dizeli ilipofika Shs. 165/-, ruzuku ya Shs. 20/82 ilikuwa bado imo ndani yake. Ruzuku ilikuwapo, na bado tulipandishiwa Shs. 25/- kwa usiku mmoja.

Jambo jingine wanachama walifahamu. Katika hesabu ya EPRA, kila mtu ana mstari wake. Meli ina mstari, bomba lina mstari, mwenye kampuni ya mafuta ana faida yake iliyoandikwa kwa shilingi na senti, na mwenye kituo vile vile. Bei ipande au ishuke, mstari wao upo. Anayebeba mafuta hayo mwishoni, akiyachoma toka Dandora mpaka mjini, hana mstari mahali po pote.

Na mafuta ghali hayaishii katika gari. Kabeji huja sokoni kwa lori la dizeli. Mafuta ya taa, ambayo ndiyo jiko la nyumba nyingi za chumba kimoja, yalipandishwa Shs. 33/13 kwa lita mwezi ule ule wa Septemba 2023, nayo tangu 2018 yamebebeshwa ushuru wa Shs. 18/- ati kwa sababu kuna watu wanayachanganya na dizeli. Mkosaji ni mwenye lori la mafuta, anayetozwa faini ni mama anayechemsha uji.

Kuhusu mafuta yetu wenyewe tutasema kwa ufupi, maana ni habari ya kuchekesha kama haingekuwa ya kusikitisha. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi wakati wa Uhuru, kilifungwa usafishaji Septemba 2013, na ndugu zetu wa chama cha wafanyi kazi wa mafuta wanajua zaidi yetu kazi ngapi ziliondoka. Mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo, Machi 2012, mafuta yalikuwa yamegunduliwa Turkana. Agosti 2019 meli ya kwanza ilipakiwa mapipa 200,000, yaliyosafirishwa toka Lokichar mpaka Mombasa kwa malori yanayotumia dizeli ya kununua ng'ambo. Mwaka 2025 kampuni iliyoyagundua, Tullow, iliuza sehemu yake ikaenda zake.

TUSIWE FIMBO YA MATAJIRI

Sasa tuseme juu ya wenye magari, kwani wao huja kwetu na maneno matamu wakati kama huu. Dizeli ikipanda sana hutuambia: sisi na ninyi ni kitu kimoja, tuegesheni magari, tuionyeshe Serikali. Na sisi twaegesha. Wiki nzima makanga hana kitu, tajiri ana nyumba ya kupangisha na duka. Wakubwa wa vyama vyao huitwa ofisini, hupewa chai, hutoka na ahadi au na ruhusa ya kupandisha nauli, na magari hurudi barabarani na hesabu ile ile.

Kama ni kitu kimoja, basi tuulizane swali hili. Toka Oktoba 2023 mpaka Juni 2025 dizeli ilishuka kutoka Shs. 205/47 hadi Shs. 162/91. Hiyo ni Shs. 42/56 kwa lita, na kwa lita arobaini ni Shs. 1,702/40 kwa siku. Nani kati yenu alipewa sehemu ya pesa hizo kwa heshima, akaambiwa: hizi ni zenu, mliumia mwaka juzi? Wengi wa wanachama waliokuja ofisini walisema kwamba hesabu iliongezwa, tajiri akisema sasa mafuta ni nafuu, hakuna sababu ya kulia. Kisha Julai 2025 ikapanda tena mara moja kwa Shs. 8/67, na hesabu iliyoongezwa haikurudi chini. Ikipanda ni yetu, ikishuka ni ya tajiri. Huo ndio umoja wanaoutaka.

Hatuwachukii wenye magari wote. Wako walionunua gari kwa mkopo wa SACCO, nao benki huwabana kama wao wanavyotubana. Lakini shida ya tajiri na mkopeshaji wake haiwezi kulipwa kwa tumbo la mtoto wa makanga, na kama biashara haiwezi kusimama ila kwa kazi isiyo na mshahara, basi na wenyewe waseme hivyo mbele ya Serikali badala ya kututuma sisi.

Wafanyi kazi wa magari wa mji huu hawakuanza leo. Oktoba 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kupinga sheria ndogo za manispaa, na chama cha wafanyi kazi wa uchukuzi, ambacho katibu wake alikuwa Fred Kubai, kilikuwa chao wenyewe. Tarehe 15 Mei 1950 Kubai na Makhan Singh wakakamatwa, na kesho yake mji mzima ukaanza kugoma. Watu hao hawakungoja mwenye gari awaambie siku ya kuegesha. Sisi tuna simu, tuna sheria, tuna katiba yenye haki ya kugoma katika kifungu cha 41, na bado twagoma kwa filimbi ya mtu mwingine.

SHERIA IPO, HAIJAFIKA STEJINI

Dai letu la kwanza si bei ya dizeli. Dai letu la kwanza ni kwamba dizeli itoke katika mfuko wetu, iingie katika mfuko wa mwenye gari, na dereva na makanga walipwe mshahara wa mwezi. Hili si ndoto. Masharti ya Waziri Michuki yaliyoanza Februari 2004 yalitaka wafanyi kazi wa matatu waajiriwe kwa kudumu. Watu wanakumbuka mikanda, wanakumbuka mstari wa rangi ya manjano na vidhibiti mwendo, kwa sababu hivyo ndivyo polisi walivyokamatia watu. Kuajiriwa hakuna polisi aliyekukamatia. Kanuni za NTSA za mwaka 2014 zikasema tena: mkataba wa maandishi na mshahara wa kila mwezi. SACCO nyingi zina karatasi hizo katika faili kwa ajili ya leseni, na mtu aliyetajwa ndani yake hajapata kuziona.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa ni mtu wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 19 kinataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyi kazi. Mafuta ya gari la mwajiri hayamo. Someni wenyewe, au njooni ofisini tuwasomee.

Na faida yake si yetu peke yetu. Siku tajiri atakapolipa dizeli mwenyewe, ndipo tutakapoona kelele ya kweli juu ya kodi ya mafuta. Leo mwenye gari huvumilia ushuru wo wote kwa sababu haumgusi. Huupitisha chini, na aliye chini hana pa kuupitisha. Wako Wabunge wenye matatu barabarani. Walipopiga kura juu ya asilimia 16 walijua wazi kwamba kesho yake si wao watakaolipa. Mpeni Mbunge risiti ya lita arobaini kila jioni, muone kama hotuba yake ya Bajeti itabaki vile vile.

UMEME UTATUOKOA?

Wako wanaosema ngojeni kidogo, mabasi ya umeme yanakuja, habari ya dizeli itakwisha. Nasi twayapenda mabasi hayo. Hakuna anayekosa moshi wa Juja Road. Tena hakuna mtaa wenye haki ya kuuliza habari ya umeme kama Dandora. Kituo kikubwa cha umeme kiko hapa kwetu. Nyaya za Mto Tana kutoka Kamburu huingia hapa, zikipita juu ya vichwa vyetu. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa sana hutoka katika mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo, vitu ambavyo Mwarabu wala Mzungu hatuuzii. Chini ya nyaya hizo twachoma mafuta ya meli. Kama Serikali ina nia ya kupunguza dizeli, haina haja ya kutafuta mbali pa kuanzia.

Lakini mabasi ya BasiGo, yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, mwenye basi hulipia umeme na betri kwa kila kilomita. Sasa fikirini. Kama desturi ya hesabu haijabadilika, kilomita hiyo italipwa na nani? Italipwa na yule yule anayelipa lita. Utakaa katika foleni ya Pangani ndani ya basi lisilo na moshi, na usiku utabaki na Shs. 400/- safi zisizonuka dizeli.

Tena imechorwa ile njia ya tatu ya mabasi ya haraka, ianzie Dandora ipite katikati ya mji kwa mabasi ya umeme, kwa fedha za Ulaya za msaada na za mkopo. Katika michoro tumeona vituo vya vioo na miti iliyopandwa vizuri. Wafanyi kazi walio katika magari ya sasa hatujawaona katika mchoro. Tunataka kuambiwa mapema, kwa maandishi, ni madereva wangapi na makanga wangapi wataandikwa, kwa mshahara gani, na walio barabarani leo watapewa nafasi ya kwanza au wataambiwa hawana vyeti.

LA KUFANYA SASA

Chama hakiwezi kwenda mbele ya Wizara ya Kazi wala mahakamani na maneno ya stejini. Tunataka hesabu. Kwa hivyo kuanzia tangazo la bei lijalo, kwa siku 30, kila gari lenye mwanachama wetu liwe na daftari. Mwandike kila siku: lita zilizotiwa, bei ya lita, raundi zilizokwenda, hesabu iliyopelekwa kwa tajiri, pesa za SACCO, na kilichobaki kwa dereva na kwa makanga, kila mmoja mbali. Zile za barabarani ziandikwe pia, bila kutaja jina la askari, kiasi tu na mahali.

Mtu wa skwodi aandike siku zake katika daftari la gari alilolifanyia kazi. Mwanachama akitolewa garini kwa sababu ya kuandika, asigombane na tajiri wala asimpige mwenzake aliyepewa gari. Aje ofisi ya tawi siku hiyo hiyo, na huyo mwenzake aje pamoja naye. Risiti za mafuta zibandikwe ndani ya daftari, hata zile zilizolowa mvua, na mwisho wa mwezi zote zikabidhiwe karani wa tawi, ambaye ataandika alizozipokea na kumpa kila mtu karatasi yake.